Kifaa Kidogo cha Kutafuta Mali Iliyopotea: Kinavyobuniwa, Kinavyofanya Kazi na Mipaka Yake

Kifaa cha kutafuta mali iliyopotea ni chombo kidogo cha kielektroniki kinachofungwa kwenye funguo, kutiwa ndani ya mkoba au kufichwa katika begi la safari, ili mwenye mali aweze kujua kupitia simu janja yake mahali mali hiyo ilipo. Kwa umbo hakizidi sana sarafu, na aina nyingi hutumia betri moja inayodumu kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Wananchi wengi wamekwisha kuviona vifaa hivi, ama madukani, ama kwa ndugu na jamaa wanaosafiri. Wanaovielewa vizuri si wengi, na ndipo hutokea mnunuzi akatumaini kisichowezekana, au mtu akafuatiliwa nyendo zake pasipo kujua.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kifaa hiki, kwa kawaida, hakijui kilipo. Wengi hudhani kwamba ndani yake mna mfumo wa GPS unaowasiliana na setilaiti. Haumo, na sababu ya kutokuwamo ndiyo inayoeleza ubunifu wake wote.

Hesabu ya betri

Betri inayotumika zaidi katika vifaa hivi ni ile bapa ya duara iitwayo CR2032, yenye kipenyo cha milimita 20, unene wa milimita 3.2 na nguvu ya volti 3. Uwezo wake ni takribani miliampea 220 kwa saa moja. Mwaka una saa 8,760. Ukigawanya nishati hiyo kwa saa zote za mwaka, kifaa kinaruhusiwa kutumia wastani wa mikroampea 25 tu, yaani sehemu arobaini ya miliampea moja, usiku na mchana.

Kipokezi cha GPS hutegemea setilaiti zinazozunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi. Mawimbi yake hufika ardhini yakiwa dhaifu mno, na kuyapokea na kuyakokotoa huhitaji makumi ya miliampea. Kwa matumizi ya miliampea 25, ambayo ni mara elfu moja ya kiwango tulichokitaja, betri hiyo ingekwisha kabla ya saa tisa. Aidha, GPS hupokea tu. Haipeleki taarifa kwa mtu yeyote. Ili mwenye mali ajulishwe, kifaa kingelazimika pia kuwa na kadi ya simu na redio ya kuwasiliana na minara, na redio hiyo inapotuma hudai umeme ambao betri ya ukubwa wa sarafu haiwezi kuutoa hata kwa sekunde chache.

Kwa sababu hiyo vifaa vya kufuatilia magari, vikiwamo vile vinavyofungwa kwenye mabasi ya abiria na kufuatiliwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), huunganishwa na mfumo wa umeme wa gari lenyewe. Basi lina betri kubwa na injini ya kuichaji. Rundo la funguo halina.

Kutoka mluzi hadi mtandao wa simu

Vifaa vya kwanza vya kutafuta funguo vilivyouzwa kwa wingi, katika miaka ya 1980, vilikuwa vya sauti: mtu alipiga mluzi au makofi, nacho kikaitika kwa mlio. Kasoro yake ilikuwa wazi. Kiliitika pia televisheni ilipopiga kelele, na hakikuweza kuitika mwenyewe akiwa nyumba ya pili.

Mabadiliko ya kweli yalitokana na teknolojia ya Bluetooth, iliyoanza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson ya Sweden mwaka 1994 na kupewa jina la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Kwa miaka mingi Bluetooth ilikuwa na ulafi wa umeme. Mwaka 2010 toleo la 4.0 lilileta namna mpya ya kutuma ujumbe mfupi sana kisha redio kulala mara moja. Redio ya aina hiyo inaweza kuamka kila baada ya sekunde mbili, ikatamka jina lake kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, kisha ikazimika. Sasa mikroampea 25 zilitosha.

Miongoni mwa waliotumia fursa hiyo mapema ni kampuni ya Tile ya California, iliyoanzishwa mwaka 2012 na Nick Evans na Mike Farley. Mwaka 2013 walichangisha fedha kwa umma kupitia intaneti, na wanunuzi wapatao 50,000 waliagiza kifaa ambacho kilikuwa hakijatengenezwa bado, kwa jumla ya zaidi ya Dola za Marekani milioni 2.6. Kifaa cha kwanza kilikuwa kipande cheupe cha plastiki ambacho betri yake haikuweza kubadilishwa. Mwaka ukiisha, kilitupwa na kununuliwa kingine. Ilikuwa hadi mwaka 2018 ambapo Tile ilianza kutoa aina zenye betri inayobadilishwa.

Lakini mchango mkubwa wa Tile haukuwa plastiki ile. Ulikuwa wazo kwamba simu ya mtu mwingine inaweza kukutafutia mali yako. Bluetooth hufika mita kadhaa tu, pengine makumi ya mita mahali pa wazi. Mali ikipotelea mtaa mwingine, simu yako haiwezi kuisikia. Simu ya mpita njia aliye karibu nayo inaweza, iwapo ina programu inayosikiliza. Tatizo likawa idadi. Mtandao wa Tile uliundwa na wale tu waliokuwa wamepakua programu yake, na katika miji mingi hawakutosha.

Kampuni zinazotengeneza simu zenyewe hazikuwa na tatizo hilo. Samsung ilitangaza kifaa chake cha SmartTag mwezi Januari 2021. Apple ikafuata mwezi Aprili mwaka huohuo kwa AirTag, kifaa cha duara chenye kipenyo cha milimita 31.9 na uzito wa gramu 11, kikubwa kidogo kuliko sarafu ya shilingi 500, kikiuzwa Dola 29. Kila simu ya iPhone iliyosasishwa iligeuka kuwa sikio, bila mwenye simu kupakua chochote. Mwezi Novemba 2021 Tile ilitangaza kwamba inauzwa kwa kampuni ya Life360 kwa Dola milioni 205. Google nayo ilizindua mtandao wake kwa simu za Android mwezi Aprili 2024, ikianzia Marekani na Kanada.

Safari ya taarifa

Tuchukue mfano wa abiria aliyesahau mkoba ndani ya basi litokalo Dodoma kwenda Dar es Salaam. Ndani ya mkoba mna kifaa. Kila baada ya muda mfupi kifaa kinatangaza namba ndefu isiyo na maana kwa yeyote anayeisikia. Abiria wa kiti cha nyuma ana simu inayoshiriki katika mtandao husika. Simu hiyo inaisikia namba, inasoma mahali ilipo yenyewe kwa GPS, na kupeleka taarifa hiyo kwenye seva pindi inapopata intaneti. Mwenye mkoba akifungua programu yake huko alikobaki, anaona nukta kwenye ramani: Morogoro, saa 7:40 mchana. Abiria wa kiti cha nyuma hajui lolote kati ya hayo.

Swali la msingi ni nani mwingine anaweza kuiona nukta ile. Katika mfumo wa Apple, namba inayotangazwa ni ufunguo wa umma, na mwenzake, ufunguo wa siri, umo ndani ya vifaa vya mwenye mali peke yake. Simu iliyosikia huyafungia mahali ilipo kwa ufunguo wa umma kabla ya kutuma. Seva hupokea boksi lililofungwa ambalo haiwezi kulifungua. Namba yenyewe hubadilika mara kwa mara, ili mtu mwenye kipokezi chake mwenyewe asiweze kuitambua leo na kesho na hivyo kumfuata mwenye kifaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, waliuchambua mfumo huo mwaka 2021 na kutoa programu huria inayowezesha mtu kujitengenezea kifaa chake kwa chipu za kawaida za bei nafuu. Kwa mwanafunzi wa uhandisi anayetaka kujifunza, kazi yao ni mahali pazuri pa kuanzia.

Tukirudi kwenye basi: kati ya Gairo na Dumila nukta inaweza isisogee kabisa. Hiyo haimaanishi kwamba basi limesimama. Huenda mtandao wa simu ulikuwa hafifu, au simu iliyokuwa ikisikia imeishiwa chaji. Kwa hiyo saa iliyoandikwa pembeni ya nukta ni muhimu sawa na nukta yenyewe. Vilevile, kifaa cha kampuni moja husikiwa na simu za mtandao wake. AirTag hutegemea simu za iPhone zilizo jirani. Mahali ambapo karibu kila mtu ana Android, kifaa hicho kitakaa kimya kwa muda mrefu kuliko kinavyofanya London. Mtandao wa Google, kwa upande wake, umewekwa tangu mwanzo kutoa mahali ilipo mali pale tu simu kadhaa zimeisikia, isipokuwa mwenye simu abadilishe mpangilio huo. Ni kinga nzuri ya faragha mjini Kariakoo, na ni kikwazo katika barabara ya kijijini yenye mpita njia mmoja.

Mali ikiwa karibu, kazi hubadilika. Simu yako sasa inakisikia kifaa moja kwa moja na inaweza kukiamuru kilie. Inaweza pia kupima nguvu ya mawimbi ili kukadiria umbali, ingawa kipimo hiki hudanganya: mawimbi ya gigahezi 2.4 hufyonzwa na maji, na mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, hivyo kugeuka tu kunaweza kufanya funguo zionekane zimekimbia. Aina bora zaidi zina redio ya pili, ijulikanayo kwa kifupi UWB, inayopima muda wa wimbi kwenda na kurudi. Mawimbi ya redio husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, na chipu hizo zina uwezo wa kuhesabu kwa usahihi huo. Ndipo simu inaweza kuonyesha mshale na kusema mali iko mita mbili kushoto kwako.

Kifaa kilekile mikononi mwa mwenye nia mbaya

Kila sifa inayokifanya kifaa hiki kiwe kizuri kwa kutafuta begi inakifanya kiwe kizuri kwa kumfuatilia mtu. Ni kidogo, hakina sauti, ni nafuu na betri yake hudumu. Kikitiwa chini ya kiti cha gari au ndani ya bitana ya mkoba wa mwanamke aliyemwacha mume mkatili, kitamwonyesha mume huyo nyumba mpya ilipo. Miezi michache baada ya AirTag kuingia sokoni, taarifa za matukio ya namna hiyo zilianza kutolewa katika nchi kadhaa.

Apple ilikuwa imeweka kinga, lakini pungufu. Kifaa kilichotengwa na mwenyewe kilipaswa kulia chenyewe, ila baada ya siku tatu. Muda huo ulipunguzwa mwezi Juni 2021 kuwa kati ya saa 8 na 24. Simu za iPhone ziliweza kumwonya mtu kwamba kifaa kisicho chake kinasafiri naye. Watumiaji wa Android hawakuwa na onyo hilo. Programu iliyotolewa kwa ajili yao Desemba 2021 ilimtaka mtu kwanza ashuku ndipo atafute. Watafiti wa Darmstadt walitoa yao, AirGuard, iliyotafuta yenyewe bila kusubiri. Hatimaye Mei 2023 Apple na Google zilitangaza rasimu ya kanuni za pamoja, na Mei 2024 onyo la aina moja likaanza kufanya kazi katika simu za pande zote mbili: kwa iPhone kuanzia toleo la iOS 17.5, na kwa Android kuanzia toleo la 6.0.

Hapa pana mgongano ambao hakuna mhandisi aliyeumaliza. Mwizi aliyeiba pikipiki yenye kifaa naye hupata onyo lilelile, kwa kuwa simu haiwezi kumtofautisha mwizi na mtu anayenyemelewa. Wote wawili wanatembea na kifaa kisicho chao. Tile ilijaribu njia nyingine mwezi Februari 2023: mteja anayetaka kifaa chake kisionekane kwa wezi aliruhusiwa, kwa sharti la kuthibitisha utambulisho wake kwa kitambulisho na kukubali kulipa Dola milioni moja akipatikana na hatia ya kumfuatilia mtu. Adhabu hiyo huja baada ya madhara kutokea. Kwa maoni ya mwandishi, kati ya kumlinda mwenye pikipiki na kumlinda mtu aliyekimbia kipigo, kanuni za mwaka 2024 zimechagua sawasawa, na mnunuzi anapaswa kujua kwamba alichonunua ni kifaa cha kutafuta kilichopotea, si kinga dhidi ya wizi.

Nchini Tanzania, haki ya faragha imewekwa katika Ibara ya 16 ya Katiba, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwananchi atakayepata onyo kwenye simu yake kwamba kuna kifaa kinachosafiri naye anashauriwa asiharakishe kukitupa. Bonyeza onyo hilo ili kukifanya kilie na kukipata. Ukigusisha kifaa nyuma ya simu yenye uwezo wa NFC, utaona namba yake ya utambulisho, na kwa baadhi ya aina hata tarakimu nne za mwisho za namba ya simu ya aliyekisajili. Piga picha ya maelezo hayo pamoja na ramani ya mahali kilipokufuata, kisha ripoti kituo cha polisi. Kutoa betri hukizima, lakini fanya hivyo baada ya kuhifadhi ushahidi. Ukiwa na hofu na mtu unayemfahamu, usianzie nyumbani kwako.

Kwa wabunifu wa ndani

Vijana wanaobuni vifaa vya aina hii katika vyuo na vituo vya ubunifu huuliza kwanza kuhusu chipu. Hilo ndilo jepesi. Chipu inayotumika ndani ya AirTag ya kwanza, nRF52832 ya kampuni ya Nordic Semiconductor ya Norway, huuzwa kwa mtu yeyote. Magumu yapo kwingine. Antena iliyopimwa vizuri mezani hupoteza nguvu ikifungwa pamoja na funguo tano za chuma. Spika inayosikika chini ya godoro hunyonya betri. Kifuniko kinachozuia maji huziba sauti.

Na gumu kuliko yote ni mtandao, kwani kifaa bila simu za kukisikia ni kifungo tu. Chipolo, kampuni ya Slovenia, nchi yenye watu takribani milioni mbili, ilianza mwaka 2013 kwa mchango wa umma kama Tile. Mwaka 2021 iliamua kutengeneza kifaa kinachotumia mtandao wa Apple, baada ya mtandao huo kufunguliwa kwa watengenezaji wengine. Uamuzi huo una gharama: mtengenezaji hufuata masharti ya mwenye mtandao, na mwenye mtandao ndiye mshindani wake.

Anayekusudia kufikisha bidhaa sokoni nchini akumbuke kwamba kifaa chochote kinachotoa mawimbi ya redio, hata kiwe kidogo kiasi gani, ni kifaa cha mawasiliano ya kielektroniki, na kinahitaji kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Wanaoingiza vifaa kutoka nje wanahusika pia. Maombi ya hataza na alama za biashara hushughulikiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kwa upande wa Tanzania Bara, na ni vyema yafanyike kabla ya ubunifu kuonyeshwa hadharani, kwa sababu kinachokwisha kujulikana na umma huweza kupoteza sifa ya upya. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) hupokea wabunifu wanaohitaji ushauri na malezi ya awali.

Unaponunua na unapotumia

Angalia kwanza simu uliyo nayo, ndipo uchague kifaa. AirTag haiwezi kusajiliwa kwa simu ya Android. Zipo pia bidhaa za bei ya chini sana ambazo hazijaunganishwa na mtandao wowote; hulia tu zikiwa karibu na simu yako, na mbali ya hapo hazina msaada. Muulize muuzaji swali moja: kikiwa mbali nami, ni simu za nani zitakisikia?

Kwa wasafiri wa anga, vifaa hivi vimethibitisha manufaa. Kampuni ya SITA, inayotoa huduma za teknolojia kwa mashirika ya ndege, ilihesabu mizigo milioni 26 iliyocheleweshwa, kupotea au kuharibika duniani mwaka 2022, sawa na 7.6 kwa kila abiria 1,000. Mwezi Oktoba mwaka huo shirika la Lufthansa lilitoa kauli iliyoeleweka kwamba vifaa vinavyofanya kazi haviruhusiwi ndani ya mizigo, kisha likairekebisha baada ya siku chache. Masharti ya kimataifa yanaruhusu betri yenye lithiamu isiyozidi gramu 0.3 katika kifaa cha aina hii, na CR2032 ina takribani gramu 0.1.

Tahadhari kubwa zaidi iko nyumbani. Betri ya CR2032 ikimezwa na mtoto mdogo hukwama kwenye umio na inaweza kuanza kuunguza nyama kwa ndani kwa muda usiozidi saa mbili, hata kama mtoto haonyeshi dalili yoyote. Usimtapishe. Mpeleke mara moja katika hospitali yenye kipimo cha eksirei na ueleze kwamba ni betri, si sarafu, kwa kuwa katika picha hufanana. Betri iliyokwisha nguvu nayo ni hatari, hivyo isiachwe mezani inapobadilishwa.

Endapo mali yako imeibwa na unaiona kwenye ramani, peleka taarifa hiyo polisi. Usiende peke yako. Kumbuka kwamba nukta huonyesha eneo, na katika nyumba zilizobanana inaweza kumwangukia jirani asiyehusika. Kifaa hiki pia hakiondoi wajibu wa kutoa taarifa ya upotevu kwa Jeshi la Polisi, ambayo sasa huweza kuombwa kwa njia ya mtandao na ndiyo inayohitajika unapoomba kupatiwa upya kitambulisho, leseni au kadi ya benki. Iwapo kilichopotea ni simu yenyewe, utaulizwa namba yake tambulishi yenye tarakimu 15. Ipate mapema kwa kubonyeza *#06# na uiandike mahali pengine mbali na simu hiyo.